Bisturi Ndani ya Gunia la Maharage

Sikuiba bisturi, kisu chetu kidogo cha kupasulia. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wapo watu wa kule Masisi wanaonisimulia kama mwizi, na wengine huongeza chumvi kwamba niliiuza kwa wenye bunduki. Niliificha. Ilikuwa katika kiboksi cha bati pamoja na nyembe zake sita. Nikakifunga kwa plastiki, nikakisukuma katikati ya gunia la maharage yangu ya kula, nikafunga mdomo wa gunia kwa kamba, kisha nikaketi juu yake nikichambua sombe, majani ya muhogo. Aliyetaka kumpasua shingo yule mtoto nitakayemsimulia angelazimika kuniinua mimi kwanza, na miaka ile sikuwa mwepesi.

Nilikuwa mkunga na muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya, mlimani, juu ya barabara inayotoka Masisi kuelekea Walikale. Vyumba vitatu vya mbao, bati juu, na meza moja ya kupimia iliyokuwa na mguu mmoja mfupi. Ilikuwa miaka ya vita. Sisemi vita vipi, maana kwetu havikuwa na mwanzo wala mwisho unaoweza kuuzungushia duara kwenye kalenda. Kundi moja liliondoka, jingine likaja, na yote yalidai dawa ileile ya malaria kwa ukali uleule. Katikati ya hayo wanawake waliendelea kuzaa. Watu wa nje wakizungumza habari zetu huzungumza bunduki tu, na jambo hilo hunikera, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yangu haikuwa risasi. Ilikuwa vitovu, macho ya manjano, maziwa yanayokataa kutoka, na uvimbe wa hapa na pale kwenye miili ya watoto wachanga.

Aliyekuwa juu yangu ni mkuu wa kituo, ambaye kwetu tunamwita titulaire. Mtu mzima, mnyoofu, shati limepigwa pasi hata wiki ambayo makaa hayakupatikana sokoni. Alinitia vidonda vya tumbo, lakini sitamsema vibaya zaidi ya anavyostahili: wenzake wenye diploma walipokimbilia Goma, yeye alibaki. Tatizo lake lilikuwa moja. Kwake kilichovimba kina usaha, na usaha unatolewa. Mguu, titi au shingo, sheria ilikuwa ileile.

Nami nilimwamini. Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, mama mmoja wa pale kijijini alileta binti yake wa wiki tatu, ana kitu kigumu ubavuni mwa shingo. Titulaire akasema ni jipu. Mimi nikakamata kichwa, mikono miwili, dole gumba nyuma ya kila sikio, mtoto asitikisike. Akakata. Usaha haukutoka. Ilitoka damu, na chini ya damu nikaona nyama nyekundu yenye nyuzinyuzi, nyama isiyo na ubaya wowote. Akasema jipu halijaiva. Tukashona, akaandika "jipu" kwenye daftari, tukanawa mikono.

Yule mtoto aliishi, namshukuru Mungu. Lakini kovu lilijivuta kadiri alivyokua, likavuta na shingo. Kila Alhamisi, siku ya soko, nilimwona akitembea nyuma ya mama yake, sikio karibu na bega, kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya nguo yake mwenyewe. Watoto wenzake walishampa jina la shingo. Mama yake alinisalimu kwa heshima na kuniletea mayai, kwa kuwa tulimwokoa mwanawe na jipu. Yale mayai nilishindwa kuyala.

Nilishindwa kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Katikati ya miaka ile miwili nilipelekwa mafunzoni wiki chache kwenye hospitali moja kando ya ziwa. Huko alikuwepo muuguzi mwanamke, mzee, mwenye hasira za karibu kama zangu, ambaye hakuruhusu mtu kutaja jina la ugonjwa kabla ya kujibu maswali yake. Iko laini ao ngumu? Iko katikati ao kando? Ngozi iko moto? Mwangaza unapita? Mutoto alizaliwa aje? Alitufundisha kwamba shingoni mwa mtoto mchanga kuna mambo mengi yanayotisha macho bila kuwa na sumu ndani. Kuna mfuko wa maji, ambao ukiuwekea tochi unang'aa. Kuna kifundo cha katikati kinachopanda mtoto akimeza. Na kuna hicho kigumu cha kando, kinachotokea wiki ya pili au ya tatu, ndani ya msuli unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi mfupa wa mtulinga. Ni msuli ulioumia wakati wa kuzaliwa, hasa kwa mtoto aliyetanguliza matako.

"Hiyo haikatwe," alisema. "Inaisha yenyewe, mama akiisaidia."

Nilitoka nje, nikatapika nyuma ya jiko la wagonjwa. Msuli huo mimi nilikuwa nimeuona ukiwa wazi, kwa macho yangu. Nilirudi kazini, nikamwambia titulaire niliyojifunza. Akasema hospitali za kando ya ziwa zina muda wa kucheza na tochi. Sikubishana zaidi, na aibu ya kunyamaza huko ninayo hadi sasa.

Kisha akaja mtoto huyu mwingine. Mama yake alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyekimbia kutoka upande wa Walikale akiwa na mimba ya miezi tisa. Alijifungulia njiani, kwenye kibanda cha shamba, mtoto matako mbele, wanawake wawili wasiojua kazi hiyo wakivuta. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa upande wa Butembo, Mkatoliki anayefanya ishara ya msalaba hata kabla ya kufungua kufuli. Alikuwa amepanga nyumba ya mbao chini ya kituo chetu, karibu na barabara, akiuza chumvi, sabuni na misumari. Mtoto alikuwa na wiki tatu.

"Mama muganga," mama yake aliniambia, maana kwetu muuguzi naye huitwa muganga, "huyu mutoto anaangaliaka upande moja tu. Na hapa mu shingo kuko kintu."

Nilimlaza mezani. Kichwa kilikuwa kimeinamia kulia, kidevu kimeelekea kushoto. Nikashika: upande wa kulia, uvimbe mgumu kama pera bichi, saizi ya yai la njiwa, ndani ya msuli wenyewe. Haukuwa moto. Ngozi ilikuwa ya rangi yake. Hakuwa na homa, alinyonya vizuri, alilia kwa sauti ya kutosha kuamsha kijiji. Ilibaki tochi. Chumba chetu cha kupimia kilikuwa na nyufa kila mahali, giza halikupatikana mchana, basi nikachukua kikwembe, kitenge alichojifunga mama yake, nikajifunika mimi na mtoto, tukawa wawili ndani ya giza letu. Nikaiweka tochi shingoni. Mwangaza haukupita.

"Unafanya nini mule ndani?" Titulaire alikuwa amesimama mlangoni.

"Ninatafuta mwangaza, Papa."

"Unatafutia mwangaza mu kikwembe?"

Nilitoka nywele zimevurugika, nikamwambia ni msuli. Akashika shingo kwa vidole viwili, muda wa kuhesabu moja na mbili. "Abcès," akasema, yaani jipu. "Alhamisi baba yake akiwa hapa, tutafungua."

Nilijaribu kwa upole kwanza, mtanishangaa, lakini nilijaribu. Nikamkumbusha kwamba chini ya msuli huo kuna mshipa mkubwa wa damu, kwamba hatuna damu ya kumwongezea mtu, kwamba barabara imefungwa na hatuna pa kumpeleka mtoto akianza kuvuja. Akaniuliza A1 ni nani katika kituo kile. Hizo ni daraja za diploma zetu: yeye alikuwa A1, mimi A2, na alipenda kunikumbusha hivyo kuliko alivyopenda chai. Na baba wa mtoto, alipokuja jioni, alikuwa upande wake.

"Mu mutoto wangu muko kintu haina kazi," alisema. "Itoke."

Ndiyo maana siku ya Jumatano nilificha bisturi. Kama ningenyamaza, Alhamisi ningeitwa tena kukamata kichwa. Nilijua uzito wa kichwa kile mikononi, nilijua sauti atakayoitoa, na nilijua kwamba safari hii huenda damu isisimame. Sikuwa na ujasiri wowote wa ajabu. Nilikuwa na hasira tu, na gunia.

Alhamisi asubuhi alifungua kabati mbele ya baba, mama na wagonjwa wanne waliokuwa kwenye benchi.

"Bisturi iko wapi?"

"Imefichwa, Papa."

"Nani ameificha?"

"Miye."

"Umeificha wapi?"

"Nikisema, si haitakuwa imefichwa tena?"

Mmoja wa wagonjwa akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Titulaire hakunifokea. Kwetu ofisi ikikukasirikia haifoki, inakuandikia. Aliketi, akachukua karatasi safi, akaandika kile tunachokiita demande d'explication: eleza kwa maandishi, ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini umeondoa kifaa cha serikali. Akapiga muhuri. Roketi zilikuwa zinapita juu ya bonde letu wiki hadi wiki, lakini karatasi ile yenye muhuri ndiyo iliyonyamazisha benchi zima. Watu wamepoteza kazi kwa karatasi kama hiyo, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikinilisha mimi na mama yangu.

Sikungoja saa arobaini na nane. Niliigeuza karatasi, nikajibu mgongoni mwake palepale, nimesimama. Niliandika kwamba bisturi iko salama. Niliandika kwamba naomba wiki nane, uvimbe upimwe kila Alhamisi mbele yake, na mtoto akipata homa au akishindwa kunyonya wiki hizo zisisubiriwe. Nikamalizia hivi: "Uvimbe ukikua, nitaleta bisturi mimi mwenyewe na kukamata kichwa tena."

Alisoma mpaka mwisho. Kwenye neno la mwisho macho yake yalisimama kidogo. Akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya faili, akasema, "Wiki nane." Nadhani alikubali kwa sababu tu alijua nitashindwa.

Hatukuwa na kifaa cha kupimia kitu kidogo kiasi hicho. Baba wa mtoto alikuwa na uzi wa kushonea magunia, uzi usiovutika, akanipa, ingawa kwa kununa. Nikaulaza juu ya uvimbe, kuanzia ncha ya juu hadi ya chini, nikakata sawasawa. Kipande hicho nikakifunga kwenye uzi mwingine mrefu kiwe kinaning'inia, na wiki ijayo kingine kitafungwa pembeni yake. Mama akauweka kwenye pindo la kikwembe chake, pale wanawake wanapofunga vitu wasivyotaka kupoteza. Nikamfundisha kumgeuza mtoto: kidevu kiende bega la kulia, taratibu, hesabu mpaka kumi, asubuhi, mchana na jioni, na mtoto akikaza, acha.

Wiki iliyofuata nikakata kipande cha pili. Kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza.

Kilizidi kwa upana wa ukucha tu, lakini kilizidi, na titulaire alikuwa amesimama hapohapo. Alinyoosha kiganja chake, kitupu, akangoja nikiwekee bisturi.

Nilikumbuka yule mzee wa kando ya ziwa akisema uvimbe huu unaweza kunenepa kidogo wiki za mwanzo kabla ya kuanza kurudi. Nilipoandika jibu langu kwa hasira nilikuwa nimelisahau hilo. Na zaidi ya kukumbuka, niliogopa. Niliogopa kwa kweli. Itakuwaje kama nimekosea, kama ndani ya shingo ile kuna kitu ambacho mikono yangu haijui, nami nakilinda kwa sababu ya kiburi na kwa sababu ya mtoto mwingine?

"Uliandika," titulaire alisema.

"Niliandika vibaya, Papa. Sitoi."

Kuvunja neno lako mbele ya watu, tena lililo kwenye karatasi ya muhuri, si jambo dogo kwetu. Baba wa mtoto alinitazama kama tapeli. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka bila kuaga. Nikawafuata hadi nyumbani, bila kualikwa, kwa sababu nilitaka kuona kila kinachofanyika kwa shingo ile.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha hakuna. Kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta. Na hapa lazima nieleze desturi yetu ya miaka ile. Kando ya barabara ile nzima watu walilala kichwa mlimani na miguu barabarani. Hakuna aliyetuamuru. Risasi ilikuwa inatoka barabarani na kupita kwenye mbao, na kila mtu alikuwa ameshafanya hesabu yake kwamba ichukue mguu, iache kichwa. Hata wageni walikuta hivyo wakalala hivyo. Mtoto naye alilazwa vilevile, kati ya mama yake na ukuta, asije akaanguka.

Nikamwomba mama alale anavyolala siku zote. Akalala. Nikasimama nikaangalia, nikaanza kucheka, kisha nikataka kulia. Upande wa kulia wa mtoto kulikuwa na ukuta wa mbao. Kushoto kwake kulikuwa na titi la mama, uso wa mama, mwanga wa mlango, sauti ya baba akibishana na wateja. Nani mwenye akili zake angegeukia ukuta? Mama alikuwa akimgeuza kulia mara tatu kwa siku, na kitanda kilikuwa kikimrudisha kushoto saa zote zilizobaki.

"Mumugeuze," nikasema. "Alale kichwa huku, miguu kule."

Baba alinitazama. "Kichwa ku barabara?"

Nikaelekeza mkono barabarani.

"Mama muganga, weye mwenyewe unalalaka aje?"

Nililala kichwa mlimani kama wao, na alijua. Nikaona aibu kuomba mtoto wa mtu afanye nisichothubutu mimi. Basi ilibaki njia moja, kukihamishia kitanda kwenye ukuta wa pili, ili mama awe upande wa kulia na kichwa kibaki mlimani. Lakini ukuta wa pili ulikuwa umejaa magunia yake ya chumvi, kutoka chini hadi karibu na bati, na huu wa kwanza ulikuwa unavuja.

"Munyu itayeyuka yote," akasema.

Hapo niliwaka. "Ulikuwa tayari kukata shingo ya mutoto, lakini gunia ya munyu njo haiwezi kusogea?"

Alikaa juu ya kitanda. Alikuwa mtu wa makamo, mabega ya kubeba mizigo, na alijibu akitazama mikono yake. "Kukata, ni muganga njo anakata. Ikiharibika, ni yake. Hii yako unanipatia miye, kila siku. Na kama sikufanya muzuri?"

Nilimpenda kwa jibu hilo, nasema ukweli, ingawa sikumwonyesha. Nikamwambia, "Hata miye ninaogopa, Papa," nikainamia gunia la kwanza, na lilikuwa zito mno kwangu. Akalichukua. Tulifanya kazi hiyo mchana mzima, watu watatu, na mtoto mgongoni mwa mama yake akiwa ameshalazwa upya kwa maelekezo yangu, shavu la kushoto kwenye mgongo, uso kulia. Chumvi tuliiweka juu ya mawe na kuifunika kwa turubai. Nilirudi kituoni kiuno kinaniuma, na titulaire akaniuliza kama sasa nimekuwa mchukuzi.

Kipande cha tatu kilikuwa sawa na cha pili. Cha nne kilikuwa kifupi. Nilikinyanyua kwenye mwanga wa mlango nikakipeleka puani kwa titulaire, adabu zikiwa zimenitoka kabisa. "Tuone cha tano," akasema.

Cha tano hatukukiona. Jumatatu iliyofuata, asubuhi na mapema, milio ilianzia upande wa Nyamitaba ikashuka kuja kwetu, na kufikia saa nne kijiji kilikuwa barabarani. Yule mama na mumewe walielekea Walikale, kwa ndugu wa biashara. Sikupata nafasi ya kumwambia chochote ila nilimpigia kelele juu ya vichwa vya watu, "Kulia! Kulia kila siku!" na wengine wakadhani naonyesha njia. Mimi na mama yangu tulielekea ziwani. Gunia la maharage halikubebeka. Nililifungua, nikatoa kiboksi cha bati, nikawaachia panya yaliyobaki. Titulaire alikuwa mbele yetu, amebeba kichwani sanduku la madaftari ya kituo, shati limenyooka.

Tuliishia kwenye kambi karibu na Kirotshe, safu kwa safu za turubai. Yeye akapewa hema la kutibia, nami nikapewa kufanya kazi chini yake, maana hata vita havikuweza kututenganisha. Siku ya kwanza niliweka kiboksi cha bati mezani. Akahesabu nyembe: sita.

"Na jibu la demande?"

"Jibu liko Walikale, Papa."

Miezi ikapita. Nilimwaza yule mtoto kila nilipomkamata mtoto mwingine shingoni. Nilijua ugonjwa ule hauui, lakini pia nilijua njiani kuna wenye nyembe wengi, na mama aliyechoka husikiliza.

Kisha asubuhi moja nilimwona mwanamke akija katikati ya safu za turubai, mtoto mgongoni. Kabla hata ya kunisalimu alifungua pindo la kikwembe. Uzi ulikuwa umekuwa mweusi kwa uchafu. Vipande vinne vya kwanza nilivijua, nilivikata mimi. Baada yake vilikuwepo vingine vitano, vimekatwa kwa meno, kila kimoja kifupi kuliko jirani yake. Mwishoni kabisa kulikuwa na fundo tupu, lisilo na kitu kinachoning'inia.

"Alhamisi ulizijuaje huko?"

"Kule pori hakuko Alhamisi, Mama. Kila mara nilifua kikwembe, njo nilipima."

"Na hii fundo?"

"Siku ile sikuona kintu ya kupima. Nikafunga tu, juu usiseme nilisahau."

Nilimuulizia mumewe. Yuko njiani na mzigo, akasema, na anasalimia. Katika kila nyumba waliyoingia kulala, mwanamume yule alikuwa akiuliza ukuta kabla ya kuuliza chakula, mpaka wenyeji wakamwona ana kichaa.

Nilimshika mkono yule mama nikamburuta hadi kwenye hema la kutibia. Titulaire alinawa mikono, taratibu, kidole kwa kidole. Akashika shingo upande wa kulia, akashika wa kushoto, akarudi wa kulia. Akageuza kichwa, kidevu kikaenda mpaka begani bila ubishi. Akarudia.

"Pengine ilikuwa abcès, ikarudia ndani," akasema.

"Papa!"

Akainua mkono kunizuia. Akaomba uzi. Akavilaza vipande juu ya meza, kimoja kimoja, akavinyoosha kwa ukucha, kuanzia kirefu hadi lile fundo. Kisha akainama kwenye sanduku lake la madaftari, akatafuta, akatoa karatasi yenye muhuri, akaigeuza mgongoni. Aliyabeba yale yote kichwani kutoka mlimani, na jibu langu lilikuwemo. Kidole chake kilishuka mistari yangu mpaka kwenye neno la mwisho, lile "tena", kikasimama hapo.

"Yule binti wa soko," akasema, bila kunitazama. "Ilikuwa hii?"

Nilikuwa nimengoja swali hilo tangu siku niliyotapika nyuma ya jiko la wagonjwa. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, mengi, ya A2 kwa A1.

"Njo hii, Papa."

"Tulikata musuli."

"Weye ulikata. Miye nilikamata kichwa."

Mtoto aliona kitu kinang'aa upande wa kulia, ni kile kiboksi cha bati, akageuza shingo yake yote kukitazama. Titulaire alimwona. Akafungua daftari la zamani, akafunua kurasa mpaka akafika penye neno "jipu" kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Andika vile ilikuwa," nikamwambia. "Andika na miye. Kule hospitali wanaweza kulegeza kovu ile, lakini hawatajua wanatafuta nini kama daftari yetu inasema jipu."

Alikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, akaniandika na mimi. Kisha akaniuliza kama najua mama wa binti yule alikimbilia wapi.

"Iko hapa," nikasema. "Safu ya tatu, turubai ya mwisho. Jana alinipatia yai."

Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akachukua daftari kwapani, tukaenda kumwambia.